Nyimbo Zilizotoweka kwenye Simu ya Baba

Mimi ni mtu wa kupanga vitu, na sioni haya kulisema. Nina duka la dawa Ngamiani, na hata ukinizindua usingizini ukaniuliza dawa ya minyoo ya watoto iko wapi, nitakutajia rafu na upande. Jikoni kwangu mikebe ya viungo imeandikwa majina, na wageni hucheka. Wacheke. Hakuna aliyewahi kutia bizari kwenye chai nyumbani kwangu.

Kwa hiyo baba aliponiambia, "Mama, huu muziki wangu umenishinda, hebu uangalie," hakukosea mtu.

Baba zamani alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda. Watu wa rika langu wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Unakwenda na kanda yako tupu, unataja nyimbo unazozitaka, unazunguka sokoni, ukirudi unaikuta imejaa pande zote mbili. Baba alikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya na kipaji cha kujua wimbo upi ufuate upi. Watu walikuwa wakimwambia tu, "Nirekodie ya harusi," au "Nirekodie ya safari," naye akajua. Kisha zikaja sidii, zikaja simu, na kibanda kikafungwa. Kanda zote akazileta nyumbani Mabawa, zikakaa kwenye maboksi ya sabuni juu ya kabati. Juu ya hizo kukaongezeka mafurushi ya sidii, flashi, memori kadi, na nyimbo alizotumiwa na marafiki kwenye simu.

Nilianza na kanda. Nilinunua chombo kidogo kinachocheza kanda na kuingiza sauti kwenye kompyuta, na kila Jumapili, siku ambayo duka nalifunga mchana, nilikaa sebuleni kwangu nikizipitisha moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huwezi kuiharakisha. Kanda ya saa nzima inataka saa nzima. Nilipiga pasi, nilichambua mchele, nilisuka nywele, huku kanda zinazunguka.

Kazi ngumu hasa ilikuwa majina. Nyimbo za kwenye flashi zilikuwa na majina ya ajabu: "Wimbo 01", "Mpya kabisa", "Sauti ya Juma", "Usifute". Wimbo mmoja ulikuwepo mara nne kwa majina manne. Nyingi hazikuwa na jina la mwimbaji, na kwenye zilizokuwa nalo, jina lilikuwa si sahihi. Nilimpigia baba simu, nikamwekea wimbo sikioni, naye kabla mwimbaji hajafungua kinywa akasema, "Hao ni bendi ya hapa hapa. Mpiga gitaa alikuwa akikaa Barabara ya Kumi na Mbili. Andika dansi." Nikaandika. Kila wimbo nikaupa jina lake, mwimbaji, aina, na neno moja la ziada la kwangu: wa asubuhi, wa wageni, wa Ijumaa.

Na kuna neno moja nililoliandika kwenye nyimbo chache tu: "Za Mama".

Mama alikuwa mtu wa Pangani. Alikuwa na nyimbo zake za taarabu alizozipenda, na baba alimrekodia kanda maalumu ambayo haikuuzwa wala kuazimwa. Mama alipofariki, kanda hiyo ilikuwa ndani ya redio ya jikoni. Niliitoa kwa mkono wangu. Kuipitisha kwenye kompyuta niliiacha mpaka mwisho kabisa, na siku nilipoipitisha sikupiga pasi wala kuchambua mchele.

Kisha nikatengeneza orodha zinazojijaza zenyewe. Hapa ndipo nilipojiona fundi. Huzipangi nyimbo moja moja. Unaandika masharti tu, na programu inachagua. Orodha ya Asubuhi: nyimbo za taratibu, ambazo hazijapigwa siku za karibuni. Orodha ya Jioni: dansi la zamani na taarabu, zichanganywe. Orodha ya Ijumaa: kasida peke yake. Nikaziweka zote kwenye simu ya baba, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, nikamnunulia spika ndogo isiyo na waya akaiweka dirishani. Kila nikienda kumwona, nachomeka simu yake kwenye kompyuta yangu, na programu inaona zipi zimepigwa, zipi zimerukwa, na kuzipanga upya.

Haikukosa visa. Ijumaa ya kwanza baba alikuwa na wazee wenzake wa msikitini, wamekaa barazani baada ya sala, wanakula tende na kahawa. Kasida zinakwenda vizuri, wazee wanatikisa vichwa. Ghafla ngoma ikaanza, na mwanamke akaanza kuimba mambo ya kiunoni. Kumbe mtu aliyempa baba ile flashi alikuwa ameandika kasida kwenye kila kitu kilichomo, chakacha na vyote. Baba akanipigia simu huku nasikia wazee wanacheka nyuma yake.

"Mama, hii kasida yako ina kiuno."

Nikairekebisha siku hiyo hiyo. Na nilivyo mtu wa masharti, nikaongeza sharti moja nililojivunia kuliko yote: wimbo ukirukwa mara kadhaa, uondoke wenyewe kwenye orodha za kila siku. Nilijiambia, baba ni mtu wa haya, hatasema wimbo huu siupendi baada ya mimi kuhangaika nao. Basi kidole chake kitasema.

Mwaka huo baba alioa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemshauri. Nyumba ilikuwa kubwa, yeye peke yake, anakula mkate na chai mchana na usiku. Mke alikuwa mjane, Mdigo wa Maramba, mkulima, mwanamke mrefu wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo na kumwita mama mdogo tangu siku ya kwanza, na nilimaanisha. Lakini nikiri kwamba tulikuwa tukipishana kwa adabu nyingi mno. Aliniita "bibie". Nikija ananiwekea kiti kizuri na kikombe chenye kisahani, kama mtu wa serikali. Nami nilimletea zawadi kila mara, kama mtu anayekwenda ugenini, katika nyumba niliyozaliwa.

Miezi ikapita. Jumamosi moja, mchana, dukani hakuna mtu kwa sababu ya mvua, nikafungua kompyuta kuangalia mambo ya orodha za baba. Huwa napenda kuangalia. Programu ina mahali inapoonyesha nyimbo zilizoondolewa kwa kurukwa. Nilitazamia kukuta nyimbo mbili tatu za ovyo. Nikakuta za mama. Zote. Kila wimbo wenye neno "Za Mama" ulikuwa umerukwa, ukarukwa tena, mpaka sharti langu likauondoa. Na hakukuwa na nyimbo nyingine humo.

Nilikaa nikaitazama ile skrini. Sikulia, mimi si mtu wa kulia dukani. Nikasema, ndiyo hivyo. Mke mpya yuko ndani, na nyimbo za mama yangu zimekuwa aibu. Kisha nikajijibu kwamba si kosa, mtu akioa ameoa. Kisha nikajijibu tena kwamba kuoa si kufuta. Nilibishana na nafsi yangu mpaka mvua ikakatika, nikafunga duka, nikapanda bodaboda kwenda Mabawa.

Niliwakuta wamemaliza kula. Mama mdogo alikuwa amepika bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, harufu imejaa ua mzima. Alikuwa jikoni anaosha sufuria, mlango wazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, sebuleni, anachokonoa meno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona mchana? Duka?"

"Nimelifunga." Nikakaa. Mimi sijui kuzunguka, na baba hajui kuzungukwa. "Baba, nataka kukuuliza jambo, na usinifiche. Nyimbo za mama hutaki tena kuzisikia?"

Alitoa kijiti mdomoni. Alinitazama, na nilichokiona usoni mwake sicho nilichokitegemea. Niliona mtu aliyeonewa.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Si wewe uliyeziondoa?"

"Mimi?"

"Wewe si ndiye mwenye mashine? Nyimbo zilikuwepo, kisha hazipo. Kwanza ukaondoa ule wa mwanzo, kisha mwingine, kisha zote. Nikasema, mtoto ameona si adabu nyimbo za marehemu zilie mbele ya mke mwingine. Nikasema, mwanangu ana busara kunishinda mimi baba yake. Nikanyamaza."

"Baba, umenyamaza muda wote huo?"

"Ningesemaje? Nikuombe uzirudishe, ionekane simheshimu mwenzangu?" Akashusha sauti. "Nilikuwa naziimba bafuni."

Hapo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na sikufanya hata moja, kwa sababu jikoni sufuria ilikuwa imeacha kusuguliwa. Mama mdogo alikuja akasimama mlangoni, mikono ina povu.

"Ni mimi," akasema.

Baba akageuka. "Ni wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naziruka." Alijifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kama anatafuta pa kuanzia. "Wewe ukienda msikitini simu unaniachia nisikilize nikipika. Nyimbo zinakuja, zinakuja, nzuri. Kisha unakuja mmoja, natazama kwenye kioo, naona imeandikwa Za Mama. Basi naubonyeza upite."

"Kwa nini?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Bibie, zina mwenyewe," akasema. "Kusikiliza peke yangu, jikoni kwake, nyimbo zake, niliona kama nimefungua sanduku la mtu aliyelala. Sikujua kama nina ruhusa. Na sikujua kama kubonyeza kunafuta. Wallahi sikujua. Ningejua nisingegusa."

Nje mtu alikuwa anauza mkaa, anapita akiita. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima kichwani, na haikuwa na kazi tena. Baba aliamini ni mimi. Mimi niliamini ni baba. Na yule ambaye moyoni nilikuwa nimekwisha kumlaumu, ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa akimwekea mama yangu heshima kila siku, kwa kidole chenye unga wa muhogo.

"Hazikufutwa," nikasema. "Zipo. Ni sharti langu ndilo lililozificha. Nililiandika mimi, linafuata lilivyoandikwa. Mtu akiruka, linajua hapendi. Sikuliambia kwamba mtu anaweza kuruka kwa sababu nyingine."

"Basi liambie," akasema baba.

Nilitoa kompyuta kwenye mkoba hapo hapo, nikachomeka simu yake. Kurekebisha kulikuwa kufumba na kufumbua: chochote chenye neno Za Mama kisiguswe na sharti la kurukwa, kirudi kwenye orodha zote. Nilipomaliza, mama mdogo bado alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama mdogo, njoo ukae," nikamwambia. "Kaa hapa karibu na mimi."

Akaja akakaa, pembeni ya kochi, kama mtu anayetaka kuondoka. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alikuwa akiupenda upi zaidi?"

Nilimtazama baba, kwa sababu mimi nilidhani najua, lakini niliona si jibu la kwangu. Alichukua simu, akaipeleka mbali na macho kama afanyavyo, akatafuta, akabonyeza. Ulikuwa si ule niliodhani. Nilikuwa na hakika ni ule wa mwanzo kwenye kanda, ambao mama aliuimba akifua. Baba aliweka mwingine, mrefu, wenye fidla nyingi, ambao nilikuwa nauona wa kawaida tu.

"Huu ulikuwa ukilia kwenye redio ya mtu kwenye kivuko cha Pangani," akasema, "siku nilipokwenda kwao mara ya kwanza kupeleka maneno. Nilikuwa na wazee wangu wawili, nimevaa kanzu ya kuazima, imenizidi. Tunavuka, wimbo huu unalia, nikawaza kwamba nikikataliwa sitaki kuusikia tena maishani. Wakanikubali. Nilipomsimulia, akasema basi wimbo huo ni wake. Akaudai kama mahari."

Nilikuwa sijawahi kukisikia kisa hicho. Miaka yote niliyokuwa binti yake, na Jumapili zote nilizokaa na zile kanda, sikuwahi kumwuliza. Aliuliza mtu wa Maramba.

Tukausikiliza mpaka mwisho. Mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari. Ulipokwisha akasema, "Alikuwa na masikio mazuri," na baba akasema, "Sana," na ikawa imekwisha.

Kabla sijaondoka nilimwuliza yeye anapenda nyimbo zipi, nimwekee orodha yake. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka na meno yote.

"Zangu hazimo kwenye mashine. Zangu ni za shambani, za kwetu, za Kidigo. Wanawake wanaimba wakipalilia, wakitwanga. Hakuna aliyezirekodi."

Mtu hawezi kuniambia hivyo mimi halafu akatarajia nitalala. Walipokwenda Maramba kuwaona ndugu zake, nilikwenda nao. Dada zake na mawifi zake walikaa uani kwenye majamvi, wanamenya mihogo, nami nikaweka simu yangu juu ya kinu kilichopinduliwa nikarekodi. Mwanzoni waliona haya. Wakaimba kama wako shuleni. Nilipoiacha simu nikachukua kisu nikamenya nao, wakasahau, na nyimbo zikatoka. Mmoja alianzisha, wengine wakapokea, mmoja akakosea maneno wakamcheka katikati ya wimbo, kuku akalia, mtoto akalia. Sikukata chochote. Baba alikaa mbali kidogo na shemeji zake, lakini niliona mguu wake unapiga.

Tuliporudi, nikazipa kila moja jina. Nikamwuliza mama mdogo niandike neno gani. Nilikuwa nimefikiria "Za Mama Mdogo". Akakataa.

"Andika Maramba. Sikuziimba peke yangu."

Nikaandika Maramba. Sasa zimo kwenye Orodha ya Asubuhi, na programu inazichanganya na taarabu na dansi bila kumwuliza mtu. Siku nyingine nikipiga simu asubuhi nasikia nyuma kuku analia, nisijue kama ni wa kweli au ni wa kwenye spika. Na mama mdogo ameacha kuniita bibie. Ananiita mwanangu, na chai ananipa kwenye kikombe chochote kilicho karibu.

Kitu kimoja alichonifundisha nimekichukua mpaka dukani. Mteja akirudisha dawa, siandiki tu kwamba haitaki. Namwuliza. Mmoja aliniambia vidonge ni vikubwa mno kwa koo la mama yake. Mwingine hakuwa na ubaya na dawa, alishindwa kuusoma muda wa kuinywa. Bado napanga kila kitu, bado naandika masharti, na sijapunguza imani yangu kwamba kilichopangwa ni bora kuliko kilichotawanyika. Ila nauliza kwanza.

Mama mdogo naye amekuwa mwanafunzi wangu. Alitaka kujua orodha inajijazaje, nikamwonyesha, na aliielewa haraka kwa sababu yeye ni mkulima, anajua kwamba ukiweka mbegu hii na nafasi hii utapata hiki. Mwezi uliopita aliniomba sharti lake mwenyewe. Hakutaka mwimbaji wala aina. Alitaka urefu: nyimbo zozote, ilimradi zikijumlishwa zitoshe muda wa kuchemsha maharage.

"Za dansi ziwe nyingi," akasema, "maana nitakuwa nimesimama."

Nikamwandikia. Anaibonyeza anapoinjika sufuria jikoni, anaendelea na shughuli zake, hatazami saa wala hafunui kifuniko. Nyimbo zikiisha, anazima jiko. Nimeyala maharage hayo, na yanaiva vizuri kabisa.